Picha za zamani za ndege na anga: fremu ya kioo, kulamineti, kuskani au kuzitoa kwa makumbusho?

Mwana wa Isevya (Tabora)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Baba yetu alifariki mwaka juzi. Enzi za ujana wake alikuwa anajaza mafuta ndege hapa uwanja wa Tabora, na chochote kinachoruka alikipenda. Ametuachia picha tatu. Mwezi ujao nyumba ya mama inaezuliwa tupige bati jipya, kwa hiyo siwezi tena kuahirisha.

Ya kwanza ni bango la East African Airways, lile shirika la ndege la zamani la Afrika Mashariki, lenye ndege ya jeti ya Super VC10. Limekunjwa mara nne na kwenye mikunjo limeanza kuachia. Ya pili ni ukurasa wa gazeti la Kimarekani, mchoro wa mwezi wenye milima iliyochongoka kama meno ya msumeno, pembeni pana saini ya Bonestell, mchoraji wa Kimarekani wa mandhari ya anga. Alipewa na mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Ya tatu aliichora mwenyewe kwa rangi za maji kwenye manila: ndege ya Dakota imesimama uwanjani asubuhi, miembe kwa nyuma, anga ya buluu iliyopauka. Hiyo imekaa sebuleni kwenye fremu, karibu na dirisha, tangu sijazaliwa.

Steshonari ya mjini wanasema niwapelekee wazilamineti zote, kazi ya nusu saa. Binamu yangu anasema fremu mpya. Wengine wananiambia nizitoe kwa makumbusho. Naomba mnilinganishie kwa uzoefu wenu. Ninalolihofia zaidi ni bango, maana nasikia mabango ya shirika lile yana bei.

Fundi Fremu (Mwanga, Kigoma)

Pole kwa msiba, kaka.

Kulamineti kuondoe kichwani usiku huuhuu. Ile plastiki inashikishwa kwa joto na gundi, na ikishashika haitoki bila kuondoka na karatasi. Humo ndani karatasi inaendelea kujila. Karatasi za magazeti zilitengenezwa kwa massa ya mti yenye lignini, kile kitu kinachoupa mti ugumu, na lignini ndiyo inayozeeka na kuzaa asidi, mpaka ukurasa unakuwa rangi ya chai na kukatika ukiukunja. Ukiulamineti umeufungia na ugonjwa wake.

Fremu yenyewe haina kosa. Kosa ni letu mafundi: nyuma tunaweka hadibodi, pembeni selotepu, na picha tunaibana moja kwa moja kwenye kioo. Hadibodi inatoa asidi. Gundi ya selotepu inageuka kahawia na kuzama kwenye karatasi. Na huku kwetu ziwani, masika yakiingia, kioo kinatoa jasho kwa ndani. Niliwahi kuletewa picha ya harusi, nilipoinua kioo uso wa bibi harusi ukabaki kwenye kioo. Mama wa watu alilia palepale kibandani. Tangu siku hiyo sifungi picha bila kuweka ukingo wa kadibodi nzito isiyo na asidi kati yake na kioo, ili pawe na nafasi ya hewa.

Halafu mwanga. Kioo cha kawaida kinazuia sehemu tu ya miale ya jua isiyoonekana, ile ya urujuanimno (UV), na hata mwanga wa kawaida wa mchana unakula rangi. Nyekundu na waridi mara nyingi ndizo zinatangulia. Tazama zile picha za mitindo ya nywele kwenye vibanda vya vinyozi: zimebaki buluu tupu. Kilicholiwa hakirudi, hata ukiipeleka picha gizani leo.

Sasa nikuulize, kaka. Umeanza na bango, lakini bango lilichapwa mtamboni, nakala nyingine zipo. Mchoro wa mzee uko mmoja tu duniani. Kwa nini ndio uliokaa dirishani?

Kijana wa Katubuka

Mimi nabuni kava za nyimbo, bongo fleva na singeli, kwa hiyo niruhusuni nizungumzie upande wa leo.

Kila msanii siku hizi anataka mwanaanga anayeelea na nyota nyingi nyuma. Ukiingia mnadani kwenye mitumba, fulana za NASA zimejaa. Ile nembo ya herufi nyekundu zilizopinda ilianza 1975, ikaondolewa 1992, ikarudishwa 2020. Ya duara la buluu ni ya 1959. Wakubwa wanasema vijana tunavaa tusichokijua. Kwangu fulana ndiyo iliyokuwa mlango: niliinunua, nikaanza kuuliza herufi hizi zilichorwa na nani, mwisho nikajikuta natazama michoro ya anga ya miaka ya hamsini usiku kucha. Kinachoniuma ni kingine. Kava zinazotengenezwa na akili mnemba zinafanana zote, mwanaanga yuleyule, mng'ao uleule wa zambarau kwenye kofia. Ukiziweka kumi mezani huwezi kujua ipi ya nani. Bango la VC10 mtu alikaa akaamua bawa liishie wapi.

Kuhusu swali: skani. Skana ya steshonari kwa nukta 600 kwa inchi inatosha kwa ukurasa wa gazeti. Bango ni kubwa, lipige picha kivulini karibu na mlango, bila flashi, simu au kamera ikilitazama sawasawa kutoka juu, na weka kipande cha karatasi nyeupe pembeni ili baadaye rangi isikudanganye. Tunza nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nyumba nyingine. Flashi diski moja kwenye droo usiihesabu kuwa ni hifadhi.

Na huo mchoro wa Dakota uliopauka nitumie. Kuna programu inarudisha rangi kwa dakika moja, halafu tunauchapa upya mkubwa.

Mama Stempu (Cheyo, Tabora)

Mwanangu wa Katubuka, umeongea vizuri mpaka hapo mwisho. Hiyo programu hairudishi rangi, inakisia. Haikuwepo uwanjani siku ile. Itapaka anga buluu kwa sababu picha nyingi ilizofundishwa zina anga ya buluu. Mwaka 1965 Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, alichora macheo kwa penseli za rangi akiwa hukohuko juu, penseli zimefungwa nyuzi zisimponyoke. Kamera zilikuwepo. Ile karatasi inathaminiwa kwa sababu ni jicho lake na mkono wake. Mchoro wa mzee wetu ni vivyo hivyo.

Mimi natunza stempu. Seti niipendayo kuliko zote ni ile ya 1967 ya Kenya, Uganda na Tanzania, ya miaka 21 ya East African Airways: Dragon Rapide, Super VC10, Comet 4 na Fokker Friendship. Nimeitunza kwa mambo matatu, na mawili ya mwisho hata karatasi kubwa zinayahitaji. Albamu inasimama, haijalaliwa na vitabu, maana gundi ya stempu ikipata unyevu na uzito inaganda. Kurasa si za plastiki laini inayonuka, hiyo ni PVC na inatoa mvuke unaoharibu. Natumia poliesta safi. Na haigusi ukuta wa nje wala sakafu.

Nyumba zetu za bati bila dari, adhuhuri ni tanuri na usiku baridi inashuka. Karatasi inavuta na kuachia unyevu kila siku mpaka inachoka. Inatakiwa hewa yenye unyevu wa kati, kama asilimia 35 hadi 50, na isibadilikebadilike. Sanduku la bati ndani ya chumba cha katikati, juu ya kitanda cha mbao ambacho miguu yake imo kwenye makopo ya mafuta machafu ili mchwa wasipande. Humo weka picha zikiwa zimelala bapa kati ya karatasi zisizo na asidi. Bango usilikunje tena, na usilikunjue kwa nguvu.

Mzee wa Reli (Ujiji)

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyegusa suala la makumbusho, nitaligusa mimi.

Huo mwezi wa Bonestell una kisa chake. Mwaka 1957 aliichorea Boston Museum of Science, makumbusho ya sayansi kule Marekani, ukuta mzima wa mandhari ya mwezi, urefu kama mita 12. Milima yote imechongoka. Vyombo na watu walipofika mwezini ikaonekana milima ya kule ni ya mviringo, imelainika. Mwaka 1970 mchoro ukashushwa. Lakini hawakuuchoma. Mwaka 1976 ikapewa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, na leo unatunzwa kama ushahidi wa namna watu walivyouota mwezi kabla ya kuukanyaga. Kwa hiyo akitokea mtu akakwambia ukurasa wako umekosea, mwambie ndiyo sababu unautunza.

Na msiseme habari hizi ni za mbali. Februari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy, ikiwa safarini kutoka Uingereza kwenda Cape, ilianguka hapohapo Tabora na safari yake ikaishia hapo. Huku Kigoma, mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zinazotua majini zilikuja kudondosha mabomu bandarini. Anga iko katika historia ya miji yetu, michoro yake ndiyo haba.

Ila kutoa, toa kwa maandishi. Niliwahi kutoa picha za reli za marehemu kaka yangu kwa ofisi moja, kwa neno la mdomo tu. Leo hakuna anayejua ziliko, na mimi sina hata kipande cha karatasi cha kudai. Azimisha, usitoe: andika ukubwa, hali, tarehe ya kurudishwa, wasaini. Bango na ukurasa vinaweza kwenda hivyo. Mchoro wa baba yako, kwanza muulize mama yako.

Kijana wa Katubuka

Mama, nimekuelewa. Nafuta niliyoyasema kuhusu programu. Nakala nitakuchapia bure kama ulivyo, na mpauko wake.

Fundi Fremu (Mwanga, Kigoma)

Mwana wa Isevya, ukiifungua ile fremu anza na misumari ya nyuma, taratibu, meza iwe na shuka safi. Kama karatasi imeshikana na kioo, acha, usivute. Nitumie picha kwanza. Na kabla hujaitoa tazama ukingo uliokuwa umefunikwa na ubao.

Mwana wa Isevya (Tabora)

Wakuu, nimerudi. Ukurasa wa mwezi umeskaniwa na uko kwenye sanduku la bati. Bango linalala bapa chini ya kitambaa na vitabu, sijaligusa mikunjo.

Fremu tumeifungua leo mchana, mimi na mama. Haikuwa imeshikana, namshukuru Mungu. Hadibodi imeacha madoa ya kahawia nyuma, ila mbele pazima. Nikatazama ukingo kama ulivyosema, Fundi. Pale ubao ulipofunika, upana wa kidole pande zote nne, anga si ya buluu. Ni waridi na nyekundu, na chini karibu na miembe imekolea kama mawese. Maisha yangu yote nimewaambia watu ni asubuhi.

Mama ameweka kidole kando ya ule ukingo, hakuugusa. Akasema, "Hii ni jioni. Ndege ya jioni ndiyo aliyokuwa akichelewa nayo kurudi."

Kijana wa Katubuka, nakala naitaka hivyohivyo, na ukingo wote uonekane. Hiyo ndiyo itakayokaa dirishani.