Mjadala: Urithi wetu ufundishwe darasani au tuwaachie bibi na babu?

Mama Wawili: Wadau, hili somo la Historia ya Tanzania na Maadili mimi nililiunga mkono. Juzi nafungua daftari la mwanangu wa la tatu: "Chora mbuzi ya kukunia nazi." Kachora mbuzi mwenye ndevu, nazi iko mdomoni. Mwalimu kaweka mkasi, basi. Hakuna aliyemwonyesha hiyo mbuzi. Sasa haya ni ya darasani kweli?

Chaki Nyeupe: Mimi mwalimu. Nina watoto 94, kitabu kimoja wanasoma watano. Mbuzi niitoe wapi, na kwangu natumia blenda? Wewe mzazi unayo uvunguni, si ungempa mtoto aje nayo?

Mama Wawili: Uvunguni kwangu umefika lini?

Mtu wa Kalenga: Mtoto hajakosa. Sisi Iringa nazi tunakutana nayo sokoni. Huo ni utamaduni wa pwani, mmeubatiza tu jina la taifa.

Mwana Tanga: Haya, tumeanza. Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981. Nayo ya Waswahili peke yao?

Mtu wa Kalenga: Na michoro ya miambani ya Kondoa je, urithi wa dunia tangu 2006? Fuvu la Mkwawa, chifu wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani wakalichukua, limerudishwa baada ya uhuru, watoto wenu wa Dar wanadhani Mkwawa ni shule.

Mwana Tanga: Baada ya uhuru?! 1954 kaka, kalileta gavana Mwingereza, Twining. Na wewe ndiyo wa Kalenga, fuvu lenyewe lilipo!

Mtu wa Kalenga: Nimeteleza, usinivue nguo. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwapa Wajerumani miezi sita walirudishe. Wakakaa miaka 35. Hilo ndilo la kufundisha, siyo nazi.

Babu Kijiweni: Na ni lake kweli? Kule Bremen, Ujerumani, Twining aliwekewa mafuvu kibao, akachagua kwa vipimo.

Mtu wa Kalenga: Mzee, shikamoo, lakini hapo umenigusa. Rudia hayo mbele ya Wahehe uone.

Babu Kijiweni: Marahaba. Mimi Mngoni, watani hamnitishi.

Chaki Nyeupe: Tumeshafika Bremen. Swali lilikuwa la mbuzi.

Mtu wa Kalenga: Mbuzi huku tunachoma.

Mama Wawili: Kariakoo mbuzi ya kukunia bei gani jamani? Jumatatu naipeleka shuleni, yaishe.

Chaki Nyeupe: Uje na nazi pia.