Mwarobaini na nitrati ya fedha: mbona napata wingu jeupe?

kijana_wa_moro
Wakuu, habari. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kutengeneza nanochembe (chembe ndogo mno) za fedha kwa majani ya mwarobaini, kisha kuzijaribu kwa bakteria. Nimechemsha gramu 10 za majani kwenye mililita 100 za maji, nikachuja, nikatia mililita 5 kwenye mililita 45 za nitrati ya fedha, milimola 1 kwa lita. Nilitegemea kahawia, dalili ya nanochembe. Limetokea wingu jeupe papo hapo, kisha bika (chombo cha kioo) ilipokaa dirishani likawa zambarau. Maji ni ya kisima. Je, majani yamepungua nguvu?

dada_wa_maabara
Mdogo wangu, majani hayana kosa. Maji ya kisima yana kloridi, na kloridi haiiachi fedha: zikikutana tu unapata kloridi ya fedha, ndiyo hilo wingu. Mwanga ndio unaoligeuza zambarau. Hakikisha mwenyewe: tia nitrati kidogo kwenye maji hayo matupu, bila majani. Ukiona weupe, hamia kwenye maji yaliyokenekwa, hata kwa kusuuzia vyombo. Na bika uifunike foili.

mpemba_kemia
Maji ya betri je? Huku ndiyo rahisi kupata.

dada_wa_maabara
Yale yasiyo na asidi yanafaa, ila yapime kwanza kwa nitrati vilevile.

Kijana, kahawia ikija usiishie hapo. Pima kwa spektrofotometa, kipima mwanga unaofyonzwa, utafute kilele cha ufyonzaji kati ya nanomita 400 na 450. Majani nayo yana kloridi yake, kwa hiyo kwenye kipimo cha fuwele kwa eksirei kloridi ya fedha inaweza kujitokeza, iandike, usiifiche.

Linaloniuma zaidi ni majaribio ya bakteria. Ayoni za fedha peke yake zinaua bakteria. Usipoziosha nanochembe, sifa zote utaupa mwarobaini kwa kazi iliyofanywa na nitrati iliyobaki. Weka sahani ya bakteria yenye maji ya majani pekee, ya nitrati pekee yenye fedha kiasi kilekile, na ya nanochembe zilizooshwa. Bila hizo tatu, mimi siyaamini matokeo, hata picha ziwe nzuri namna gani.

kijana_wa_moro
Asante sana dada. Sentrifuji yetu, mashine ya kuzungusha ili chembe zitue chini, inaishia mizunguko 4,000 kwa dakika. Itazishusha?

dada_wa_maabara
Za nanomita 20 hazitashuka vizuri. Omba ya mizunguko 12,000 au zaidi idara ya baiolojia, au tumia utando wa dayalisisi, unaopitisha ayoni na kuzuia nanochembe, na ubadilishe maji mara kwa mara. Na vaa glavu, nitrati inatia ngozi weusi.