Naomba ushauri: nyasi bandia kuzunguka bwawa la kuogelea

Habari zenu wakuu. Nina bwawa dogo nyuma ya nyumba na nimechoka na tope. Watoto wakitoka majini wanakanyaga udongo, wakirudi maji yanachafuka. Nimeamua kuweka nyasi bandia, upana wa mita 2 hivi kila upande.

Kinachoniumiza kichwa ni ndago. Zimejaa hapo, na ndago mnazijua, hutoboa hata kitambaa cha kuzuia magugu. Fundi anasema tutandike nailoni nzito mambo yaishe. Mimi naogopa maji yatatuama na nyasi zitaanza kunuka. Nafikiria kuchimbua ndago kwanza na vinundu vyake vyote vya ardhini (kazi ya wiki, najua), kisha kushindilia kokoto ndogo sentimita 8 hadi 10, mteremko ukielekea mbali na bwawa, pamoja na kitambaa kinachopitisha maji. Je, kitambaa kikae chini ya kokoto au juu yake? Au niweke viwili?

Halafu pale ukingoni mlitumia gundi au misumari? Misumari na watoto wanaokimbia peku, hapana. Na jua la mchana nyasi bandia zinaunguza nyayo kiasi gani?

Aliyewahi kufanya anijibu kabla sijamlipa fundi.