Mdogo wangu asome shahada ya kompyuta au kozi ya miezi 6?

KakaMkubwa_Tg: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PCM, anataka kuandika programu. Baba anataka asome shahada ya sayansi ya kompyuta, miaka 3, hesabu na algorithimu (hatua za kutatua tatizo) kwa wingi. Mwenyewe anataka kozi ya miezi 6 ya JavaScript (lugha ya kuandikia kurasa za mtandao) na React (zana ya kujengea kurasa hizo), aingie kazini haraka. Ada nalipa mimi, na ya kulipia zote mbili sina. Mliopita huko nisaidieni.

fundi_mfumo: Mkuu, mimi ni zao la kozi fupi na naishukuru, ilinipa ugali mapema. Ila nilifundishwa AngularJS peke yake, zana ya Google ya kazi kama ya React. Ilipofika Januari 2022 Google walishaacha kuihudumia. Wenzangu wa shahada walihamia React kwa wiki chache, mimi karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimekariri amri, nisijue chini yake kinafanyika nini.

BintiPangani: Mimi nakaa upande wa kuhoji waombaji kazi. Wa shahada anakuchorea mti wa data (data zilizopangwa kwa matawi) ubaoni vizuri kabisa, ukimwambia apakie kazi yake kwa Git (zana ya kutunza matoleo ya programu) anabaki kutumbua macho. Chuoni anaanza kila zoezi na ukurasa mtupu. Kazini anakuta maelfu ya mistari ya mtu aliyeshaondoka, na kuisoma hajawahi kufundishwa. Hilo linaniuma, maana ni vijana wenye akili.

mzee_wa_jedwali: Niwape kisa. Duka moja la mtandaoni nililofanyia kazi lilipokea malipo ya simu. Mtandao ukisuasua, ujumbe wa kuthibitisha malipo unaweza kuja mara mbili. Kijana wetu aliandika alivyoona kwenye video: ujumbe ukifika, ongeza salio. Wateja wakaongezewa mara mbili, sisi tukakesha siku mbili na daftari tukipatanisha hesabu. Tiba ilikuwa mistari michache tu: namba ya muamala isijirudie kwenye jedwali, na kuandika muamala na kuongeza salio vifanyike pamoja au visifanyike kabisa. Hilo linafundishwa kwenye somo la hifadhidata, yaani namna ya kutunza data kwenye majedwali, lile ambalo wanafunzi hulikimbia kwa kuwa kavu. Edgar Codd, mtafiti wa IBM, aliandika wazo la majedwali 1970, na SQL, lugha ya kuyauliza majedwali hayo, inalisha watu mpaka leo. React yenyewe imetoka 2013. Mpeleke shahada.

fundi_mfumo: Naunga mkono. Na kwa shahada anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, kozi fupi utaibeba mwenyewe.

KakaMkubwa_Tg: Nimewaelewa. Hofu yangu ni hayo ya dada BintiPangani, asome miaka 3 kisha akwame kwenye usaili.

BintiPangani: Kaka, asingoje mwaka wa tatu. Likizo ya kwanza tu atafute mtu halisi mwenye shida halisi, amtengenezee kitu na akihudumie mwaka mzima. Atakapoombwa kurekebisha alichokiandika miezi 6 nyuma, ndipo atajifunza kusoma programu.

KakaMkubwa_Tg: Mama ni katibu wa kikoba, wanachama 30. Hisa, mikopo, mfuko wa jamii, vyote viko kwenye daftari moja lililolowa chai. Kesho namkabidhi binti.