Mrejesho: Simba hakohoi tena tukikimbia

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini mbwa wangu Simba anakohoa nikimfunga kamba kiunoni mwangu tukikimbia njia za Shimo la Mungu, lile bonde lenye mteremko mkali hapa Newala. Mlisema mkanda wa shingoni unamkaba. Kweli kabisa! Fundi viatu amenishonea mkanda mpana wa kifuani, ndani kaweka kipande cha blanketi. Sasa anavuta kwa kifua, kikohozi kimekwisha.

Masika ndiyo kwanza imeisha, pumzi bado, kwa hiyo tunaenda kilomita 2 tu, saa 11 alfajiri. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, hupoa kwa kuhema. Jana jua lilituwahi. Akajilaza chini ya mkorosho, ulimi nje, nikamlowesha tumbo na makwapa. Niliogopa sana. Mteremkoni namfungua kamba, asinivute nikaanguka. Asanteni mno.