Ushauri: Nitaitawalaje hasira yangu mbele ya mdogo wangu kwenye kikao cha ukoo?

Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mtoto wa kwanza katika familia yetu, ninaishi Dar es Salaam, na nyumbani kwetu ni Moshi vijijini. Kwa muda mrefu sisi ndugu tumekuwa tukichanga fedha za kumjengea mama nyumba, na tulimkabidhi mdogo wangu wa kiume kazi ya kununua saruji, nondo na bati, kwa kuwa yeye ndiye anayeishi karibu na mama. Hivi karibuni dada yetu alipokwenda nyumbani alikuta msingi peke yake, na mwenye duka la vifaa akamweleza kwamba hakuna bati hata moja lililowahi kulipiwa. Mdogo wangu hapokei simu zangu, lakini picha zake za starehe ninaziona WhatsApp, na kila nikiziona, amani niliyoipata katika maombi ya asubuhi huniondoka.

Wakati wa Krismasi ukoo mzima utakutana nyumbani kama ilivyo desturi yetu, na jambo hili litazungumzwa. Sijamtamkia neno lolote baya hadi leo, ila ninayajua yaliyomo moyoni mwangu. Wagalatia 5 inataja upole na kiasi katika tunda la Roho. Je, kuwa na kiasi maana yake ninyamaze, hali mama bado analala katika nyumba inayovuja? Na nikisema, nisemeje nisimvunje mdogo wangu mbele za watu? Mke wangu anashauri nisiende kabisa.

Mzee wa Kanisa

Ndugu yangu, usijihukumu kwa sababu tu umekasirika. Marko 3:5 inamwonyesha Bwana mwenyewe akiwatazama watu kwa hasira, huku akiona huzuni kwa ugumu wa mioyo yao. Huzuni hiyo ndiyo ninayokuomba uitafute ndani yako, kwa maana ukimkasirikia mdogo wako pasipo kumhuzunikia hata kidogo, hasira hiyo imekwisha kubadilika.

Kabla ya kupanda basi, isome 1 Samweli 25 yote. Daudi ambaye katika sura ya 24 alimwacha Sauli hai pangoni, ingawa Sauli alikuwa akimwinda ili amuue, katika sura inayofuata anawafunga panga watu 400 kwa sababu Nabali amemtukana na kumnyima chakula. Mtu yule yule aliyejizuia mbele ya mfalme anashindwa kuvumilia dharau ya mfuga kondoo. Nasi ndivyo tulivyo: tunawavumilia wakubwa wetu kazini, kisha tunawamalizia walio wetu. Daudi alikuwa na haki ya kudai, kwa kuwa watu wake waliwalinda wachungaji wa Nabali, lakini haki hiyo ilikuwa karibu kumwaga damu ya nyumba nzima kama si Abigaili kumwahi njiani.

Mtazame pia Abigaili anaporudi nyumbani. Anamkuta mumewe amelewa, wala hamwambii neno hadi asubuhi, divai ilipokwisha kumtoka. Hakunyamaza moja kwa moja, alichagua saa. Sisi watu wa Kilimanjaro tunajua vikao vingi vya Desemba hufanyika mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa imekwisha kuzunguka (sisemi vya kwenu). Omba hoja yako isikilizwe asubuhi.

Mhasibu Mstaafu

Ninakubaliana na Mzee, lakini naomba tusiifunike fedha ya watu kwa maandiko. Kumsamehe mdogo wako ni wajibu wako; kuwasamehea wenzako michango yao si mamlaka yako. Kusanya jumbe zote za miamala, ziandike kwa tarehe na kiasi, kisha uzisome kama zilivyo. Hasira hupenda maneno kama "siku zote" na "tangu utotoni". Mwenye karatasi mkononi hana haja ya kwenda huko.

Mama Mchungaji

Wifi yangu aliyekushauri usiende ana nia njema, lakini sidhani kama dawa iko hapo. Yohane Kasiani, mtawa wa karne ya 5, aliwaonya wenzake kwamba mtu anayewakimbia watu ili asikasirike huishia kukikasirikia kisu chake na kalamu yake ya unyasi, kwa kuwa kilichomo moyoni amekwenda nacho. Utabaki Dar es Salaam, na wanao ndio watakaoipata hasira hiyo.

Tatizo ninaloliona ni kwamba mnaanzia mwisho. Mathayo 18:15 inasema, "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Ukoo mzima ni hatua ya mbali sana. Nenda nyumbani siku chache kabla ya wengine, mtafute alipo, mzungumze wawili tu. Anza kwa kumuuliza, kisha umwache amalize kujibu, hata kama unajua anadanganya. Yakobo 1:19 imeweka kusikia mbele ya kusema. Ukihisi sauti inapanda, mwambie wazi kwamba unatoka nje na utarudi, kisha urudi kweli.

Na zile picha, zifungie zisikufikie kuanzia leo. Kuomba asubuhi kisha kuchungulia starehe zake mchana ni kujichokoza mwenyewe.

Mleta uzi

Nawashukuru sana, sikuwahi kuyafikiria mambo haya kwa mpangilio huo. Je, akikataa kuniona? Na shahidi awe mjomba, au mzee wa mtaa wa kanisa letu?

Mama Mchungaji

Akikataa, aya ya 16 ya Mathayo 18 inakuruhusu kuchukua mtu mmoja au wawili wawe mashahidi. Mjomba anafaa, mradi asiwe ndiye atakayeongoza kikao, ili mdogo wako asione kwamba amekwisha kuhukumiwa kabla ya kufika. Mkikubaliana jinsi atakavyolipa, liandikeni mtie sahihi wote. Kisha kwenye kikao aeleze yeye mwenyewe, nawe useme pale tu utakapoulizwa.