Mrejesho: Vidukari kwenye sukuma wiki

Wakuu, ni mimi wa Kasarani niliyelia mwezi wa tatu kwamba vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani, vinanimalizia sukuma. Asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kuchanganya mimea: vitunguu katikati ya mistari, dhania nikaiacha itoe maua, na mubangi (lile gugu lenye harufu kali) pembeni. (Jirani kusikia mubangi akadhani napanda bangi, ikabidi anuse mwenyewe.)

Dhania ndiyo imenishangaza. Maua yalipofunguka, vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vinavyokula vidukari vikajaa, na ukigeuza jani sasa unaona vidukari viwili vitatu tu. Vitunguu sijaona vilichosaidia. Viwavi navyo havijali lolote, bado navitoa kwa mkono kila asubuhi. Mubangi ukateni kabla ya mbegu kukomaa. Mimi nilichelewa, umeota hadi njiani.